Malkia Aliyeingia Saiberi

Jumamosi, jioni. Mvua ilikatika saa tisa lakini njia ya kuingia kwetu bado ni uji mtupu. Nimeketi miguu ikiwa ndani ya karai la maji moto, matope ya Mbooni yanabanduka polepole, na nimekasirika.

Nimekasirikia karibu kila mtu ninayemjua, na mdudu mmoja.

Wiki nzima nimejibu swali lile lile. Dukani, kwa simu, mlangoni pa kanisa siku ya maombi, hata kwenye foleni ya maji. "Ndinda, ile kitu yako ni nini?" Leo naandika yote hapa. Atakayeniuliza tena nitamwambia aje asome.

Ilianza Jumatatu. Kwa wasionijua, nina saiberi ndogo hapa mjini Wote, chumba kimoja kilichopakana na saluni ya Mama Kalekye. Watu huja kutoa kopi za vyeti, kujaza fomu za serikali kwenye mtandao, kupigwa picha za paspoti wakiwa wamekunja uso kama wanaopelekwa mahabusu. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilikuwa imenyesha kweli kweli, mvua ya kwanza ya maana msimu huu. Nilipofungua mlango nilikuta sakafu imetapakaa mabawa ya kumbikumbi kama kawaida. Nikachukua ufagio.

Chini ya mashine ya kopi kulikuwa na kitu kinatembea.

Nilidhani ni mende. Nikainua ufagio nimpige, halafu nikaona hatembei kama mende. Mende hukimbia. Huyu alitembea taratibu, kama mama mkubwa anayeingia kanisani akiwa amechelewa na hajali. Alikuwa mrefu kama kiungo cha mwisho cha kidole changu cha shahada, rangi ya kahawa iliyokolea, anang'aa, kiuno chembamba na nyuma kubwa kama zabibu. Hakuwa na mabawa. Mabawa manne makubwa yalikuwa yamelala kando ya soketi, makubwa mno kuwa ya kumbikumbi.

Mama Kalekye alichungulia kutaka chenji, akamwona, akapiga ukemi uliosikika mpaka stendi.

Nilimfunika na glasi. Kisha nikaosha mkebe wa siagi ya karanga, ule wa plastiki unaoonyesha ndani, nikatoboa kifuniko kwa sindano, nikaweka pamba yenye maji, nikamtia humo.

Kwa nini sikumfagia tu nje? Nimejiuliza sana. Kazi yangu ni kusoma makaratasi ya watu wengine kutwa, majina yao, tarehe zao za kuzaliwa, kila kitu kimeandikwa na kupigwa muhuri. Huyu aliingia bila jina. Nilitaka kujua ni nani. Ni hivyo tu, na sioni kama ni dhambi.

Lakini jaribu kuuliza jina la mdudu katika mji huu.

Mama Kalekye alisema ni malkia wa mchwa, na kwamba nikimweka ndani mchwa watafuata harufu yake na kula paa. Mwalimu mmoja aliyekuja kuchapisha mitihani akasema ni siafu. Hapa kwetu kila kitu chenye miguu sita kinachotembea chini ni siafu, kwa hivyo hilo halikunisaidia. Mzee mmoja wa kanisa letu alimwangalia kwa muda, akavua miwani, akasema dalili kama hizi zilitabiriwa. Nilimuuliza zilitabiriwa wapi. Akasema nisome Biblia yangu.

Nikapakua programu ya simu ambayo unapiga kitu picha inakuambia jina. Picha ya kwanza ikasema ni nyigu. Ya pili ikasema ni mbawakawa. Ya tatu, nilipomsogeza karibu na dirisha, ikasema ni tende. Tende! Tunda! Niliitoa kwenye simu hapo hapo. Bando langu lilikuwa limeisha.

Na hapo ndipo Muthama alipoingia.

Muthama ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu Kioko. Kioko hufanya kazi Makindu na huja nyumbani mwisho wa wiki, kwa hivyo Jumatatu mpaka Ijumaa ndugu yake ni mzigo wangu. Si mtu mbaya. Anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anapakia simiti na mabati, ana mgongo wa punda na moyo mzuri. Lakini Muthama hawezi kusikia habari ya utajiri bila kuifuata. Aliwahi kufuga sungura. Aliwahi kufuga kware. Aliwahi kupanda aloe kwenye kipande cha shamba la mama yake, na mpaka leo mbuzi hawapiti pale. Mke wake, Syombua, ana mimba ya miezi saba, na kila mpango mpya namwona akipumua kwa pua tu.

Aliangalia mkebe. Akaniangalia. Akafunga mlango wa saiberi kwa mgongo wake.

"Shem," akanong'ona, "unajua hii ni nini?"

"Hapana. Ndiyo natafuta."

"Hii ndiyo ile malkia. Ile wazungu wananunua kwa pesa nyingi wafuge kwa chupa. Watu wameshikwa nazo mpaka ikatoka kwa redio."

"Kama wameshikwa, wewe unafurahia nini?"

"Walishikwa kwa sababu walikuwa wajinga."

Nilimwambia atoke nifanye kazi. Kuna mama alikuwa anangoja nimjazie fomu ya mkopo wa mtoto wake wa chuo. Nikiwa nimemgeuzia mgongo, Muthama akapiga picha. Kufika mchana picha ilikuwa kwenye makundi ya WhatsApp ambayo sikujua yapo, na chini yake ameandika: Malkia orijino, Wote mjini, walio tayari wapige simu.

Na nambari aliyoweka ni ya saiberi. Yangu.

Jumanne sikufanya kazi. Nilipokea simu. Mmoja alitaka kujua kama ninao wekundu. Mwingine alikuwa Kitui, anasema ana gunia zima, anataka tuunganishe mzigo. Mwingine alitukana tu. Mchana Syombua akanipigia, sauti ya chini, akaniuliza kama ni kweli Muthama ameacha kazi. Sikuwa nimejua. Alikuwa ameenda kwa mwenye duka asubuhi, akavua lile koti la kazi, akaliacha juu ya mifuko ya simiti. Mtoto anakuja, baba yake ameacha kazi kwa ajili ya picha ya mdudu asiyejulikana jina.

Jumanne hiyo hiyo akaja mwanamume mmoja nisiyemjua.

Viatu vyake vilikuwa safi. Ndicho kitu cha kwanza nilichoona, maana siku hiyo Wote nzima ilikuwa na matope mpaka magotini. Alikuwa ameshuka kwenye gari mlangoni. Alitoa kopi moja ya kitambulisho kwanza, kwa adabu, kisha akaegemea kaunta.

"Madam, nasikia uko na mzigo."

"Niko na karatasi na wino."

Akacheka kidogo. "Naweza kumwona tu? Kuona si kununua."

Mkebe ulikuwa chini ya kaunta, karibu na goti langu. Niliusukuma nyuma zaidi kwa mguu, na nikakasirika kwamba najificha ndani ya duka langu mwenyewe. Nikamwambia hakuna kitu, ni utani wa vijana. Akaangalia ukuta, akaangalia leseni yangu ya biashara iliyoning'inizwa pale, akaisoma pole pole pamoja na jina langu. "Sawa, Madam Ndinda," akasema. "Yule kijana wa picha tumeshaongea naye."

Alipoondoka nilifunga mlango nikasoma sheria mwenyewe kwenye kompyuta. Mdudu wa porini naye ni mnyamapori. Kumkusanya ili umuuze bila kibali ni kosa, na faini zake si za mtu wa kupakia simiti. Nilichapisha ule ukurasa nikampelekea Muthama nyumbani kwake. Aliusoma, akaukunja vizuri, akauweka chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Sasa nikasema, mimi nitajua huyu mdudu ni nani, hata kama ni kwa kumnyamazisha Muthama tu. Kama si yule wanaomtaka, basi mpango umekufa.

Jumatano nikaenda kwa afisa wa kilimo. Huyu bwana hushughulikia nzi wa maembe, wale wanaotuharibia matunda kila msimu, na ofisi yake imejaa mitego ya manjano na picha za nzi wakubwa kama kuku. Nilijisemea, mtu wa wadudu ni mtu wa wadudu. Nikaweka mkebe mezani.

Akarudi nyuma na kiti chake.

"Mama, mimi ni wa nzi."

"Lakini si mdudu ni mdudu?"

"Mimi ni wa nzi wa matunda. Huyu hana hata mabawa."

"Alikuwa nayo. Niko nayo kwa bahasha."

"Basi peleka na mabawa kwa mtu mwingine."

Nilikaa pale. Nilikaa tu, kama watu wanavyokaa saiberi kwangu mtandao ukipotea. Mwishowe alichoka kuniona, akanipa nambari ya daktari wa wadudu aliyewahi kumfundisha chuoni, mama mmoja Nairobi ambaye kazi yake hasa ni chungu. Si chungu cha kupikia. Chungu wenyewe, hawa wadudu. Sikujua kuna mtu analipwa kuwajua.

Nilimtumia picha. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, haraka, kama mtu anayetembea: picha zako ni ukungu mtupu, niangalizie vitu vitatu. Pembe za kichwani zimenyooka au zimekunjwa kama kiwiko? Kiuno kina nundu ngapi? Na pale mgongoni, kuna makovu ya mabawa?

Angalieni nundu za kiuno cha mdudu kwa simu iliyopasuka kioo, halafu mniambie. Nilijaribu mpaka macho yakauma. Mama Kalekye, ambaye alikuwa ameapa hatakanyaga saiberi mpaka huyo shetani atoke, ndiye aliyenionyesha kuweka tone la maji juu ya jicho la kamera. Mpwa wake hufanya hivyo akipiga picha za kucha walizochora. Nikaweka tone. Nikashusha simu pole pole juu ya mkebe.

Jamani.

Nilimwona. Uso mpana, mzito, kama wa mtu asiyependa mzaha. Pembe zimekunjwa kama kiwiko. Kiuno nundu mbili, moja nyuma ya nyingine. Makovu ya mabawa pande zote mbili. Nilisahau kukasirika kwa dakika kadhaa.

Halafu nikaona miguu. Kwenye miguu yake kulikuwa na chembe za manjano, ndogo kama unga wa dona, na zilikuwa zinatembea. Mama Kalekye akasema ni chawa, mdudu ana chawa, na akakimbia kuleta dawa ya kupuliza. Nilimpigia daktari kumuuliza kama nimwoshe kwanza kabla sijampiga picha nyingine.

"Usiwaguse!" Alipiga kelele mpaka nikasogeza simu. "Usimguse hata mmoja. Nitumie hiyo picha sasa hivi."

Nikatuma. Kisha akapiga mwenyewe, na sasa hakuwa anatembea, alikuwa ameketi. Akaniambia kwamba huyu ni malkia wa kweli, wa chungu, si wa mchwa wala si siafu. Ni aina kubwa sana inayoishi jirani na vichuguu vya mchwa, chini ya ardhi. Akanitajia jina la Kilatini, Carebara, nikamwambia anitajie tena, nikaliandika nyuma ya risiti. Na zile chembe si chawa. Ni wafanyakazi wake. Watoto wa nyumba aliyotoka. Malkia anapoondoka kwenda kuanza maisha yake, hawa wadogo hujishikilia kwenye manyoya ya miguu yake na kuruka naye, na wataalamu wanadhani ni kwa sababu yeye ni mkubwa mno kulea vitoto vyake vya kwanza. Mdomo wake hauwezi kuwashika. Bila hawa wadogo, mayai yake ya kwanza hayana wa kuyahudumia.

"Na wale wanaonunua malkia," nikauliza, "wanamtaka huyu?"

"Si huyu wanayemtafuta. Lakini usimwambie mtu ni salama kumuuza. Kosa ni lile lile."

Aliniomba, kwa upole, kama ningeweza kumtia kwenye spiriti nimtumie, kwa ajili ya kumbukumbu za sayansi. Nikamwambia nitafikiri.

Nikafunga duka nikiwa nimefurahi. Nilikuwa na jina! Nikaenda moja kwa moja kwa Muthama kumwambia mpango umekufa. Nikamweleza kila kitu: si huyu wanayemtaka, huyu ni wa kuishi na mchwa, karibu na vichuguu.

Najua sasa nilipaswa kuishia kwenye "si huyu".

Muthama alisikia neno moja tu. Vichuguu.

Alhamisi alfajiri alikuwa Mbooni, shambani kwa mama yao, pamoja na vijana wawili na majembe. Mama mkwe wangu, sisi wote tunamwita Mwaitu, ana shamba kwenye mteremko mkali kule juu ya Kikima. Lile shamba ni terasi tupu, moja juu ya nyingine, amezichimba na marehemu mume wake kwa mikono, na kwenye ukingo wa terasi ya tatu kuna kichuguu kikubwa ambacho hakuna mtu amewahi kukigusa kwa sababu ndicho kilichoshika ule ukingo. Walikichimba siku nzima. Alhamisi usiku ikanyesha.

Jana asubuhi Mwaitu akanipigia. Mimi. Si Kioko mwanawe, si Muthama aliyekuwa nyuma ya nyumba yake na jembe. Mimi.

"Ndinda, ni nini umemfundisha mtoto wangu?"

"Mwaitu, mimi sija..."

"Maharagwe yangu yako kwa mto."

Nikasikia anavuta pumzi, na nikajua analia, na Mwaitu si mtu wa kulia. Hakulia hivyo hata kwenye mazishi ya mumewe.

Kwa hivyo leo, Kioko akiwa bado zamuni Makindu, badala ya kufungua duka siku ambayo hunilipia kodi ya nyumba, nimepanda teksi ya Probox mpaka Kikima nikiwa na Syombua na mkebe. Nilimwambia Syombua abaki. Akasema, "Mimi naenda, hata nikizalia njiani." Kule Kikima sokoni, kando ya kibanda cha nyanya, niliona lile gari. Yule mwanamume alikuwa ndani, kioo kimeshushwa, anakula ndizi mbivu. Akaniinulia mkono kama tunajuana. Nilimwambia bodaboda atupeleke haraka, halafu nikakumbuka mimba, nikamwambia pole pole, halafu tena haraka, mpaka akasimama akaniuliza nichague moja.

Shamba lilikuwa kama limeng'atwa. Ukingo wa terasi ya tatu umeporomoka, udongo mwekundu umemwagika juu ya terasi ya nne na ya tano, na maharagwe, yaliyokuwa yameanza kutoa maua, yamefunikwa au yamekwenda. Majirani walikuwa wamesimama juu wanatazama. Mzee wa kijiji alikuwa na simu mkononi, anasema kuna gari la wageni huko chini na yeye anapigia polisi, hataki kijiji chake kitajwe.

Muthama alikuwa ndani ya shimo, peke yake. Wale vijana wawili walikuwa wamekimbia. Mikono yake ilikuwa imevimba na kutoka damu, mchwa wale wenye vichwa vikubwa walikuwa wamemng'ata mpaka kwenye viwiko. Kwenye sufuria ya Mwaitu alikuwa na kitu cheupe, kinene kama soseji, kinapumua. Malkia wa mchwa.

"Nimempata, Shem," akasema. Hakuwa amelala, nadhani. "Nimempata."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilitaka kumwambia yeye ni mjinga, na kware wake, na aloe yake, na mama yake mzee atakula nini. Nilifungua mdomo. Syombua akanipita. Akaketi ukingoni mwa shimo, pole pole, mkono mmoja mgongoni, miguu ikining'inia ndani.

"Muthama. Yule mtu yuko sokoni. Mzee anapigia polisi. Ukishikwa leo, mimi nitajifungua na nani?"

Muthama akaangalia sufuria.

"Niombe kitu kingine chochote," akasema Syombua. "Uniambie tulale njaa, tutalala. Lakini hili moja niambie. Nitajifungua na nani?"

Muthama alikaa chini ndani ya lile shimo, kwenye udongo mbichi, mtu mzima, akaficha uso kwenye mikono iliyovimba.

"Nilitaka asizaliwe kwa mtu wa kubeba simiti," akasema.

Hasira yangu ilikuwa imeshapangwa yote, na sikuwa na pa kuiweka.

Kisha akasimama, akaomba simu ya Syombua, akampigia yule mwanamume mbele yetu sote. "Hakuna kitu huku," akasema. "Ni mchwa tu. Na mzee wa kijiji ameita polisi, wako njiani." Hawakuwa njiani. Mzee alikuwa bado anatafuta mtandao. Lakini mtoto wa jirani aliyekuwa juu ya mwinuko akatuambia gari limegeuza, linateremka.

Malkia wa mchwa tulimrudisha shimoni, tukamfunika. Sijui kama ataishi. Halafu tukafanya kazi. Mimi na saiberi yangu, nikiwa na sketi ya kwenda mjini, nimerusha udongo juu ya ukingo mpaka malengelenge yakapasuka. Mzee wa kijiji alikata mikonge ya kupanda pale kushikilia. Mwaitu hakutusemesha. Alichimbua maharagwe aliyoweza, mche kwa mche, akayarudishia udongo kwa vidole, na baadaye akatuletea muthokoi wa mahindi na chai, akaweka chini, akaondoka.

Ilibaki mkebe.

Nilimwita Muthama, nikaweka tone la maji kwenye simu, nikamwambia aangalie miguu. Nilidhani ataangalia tu ili kuniridhisha. Aliangalia kwa muda mrefu. Akauliza wale wadogo ni nini. Nikamweleza. Akaangalia tena.

"Amewabeba wote hao?"

"Ndiyo."

"Akiruka?"

"Akiruka."

Sikuweza kumtia kwenye spiriti. Daktari atanisamehe au hatanisamehe. Mpakani mwa shamba kuna kichuguu kingine, kidogo, mbali na terasi, udongo wake umelowa vizuri. Niliulaza mkebe ubavuni. Alitoka kwa ule mwendo wake, akasimama, akagusa chini kwa zile pembe, akaanza kuchimba kama aliyekuwa akingoja wiki nzima tumalize upuuzi wetu.

Na kuku wa Mwaitu wakaja. Wote. Kuku wa Mbooni wanajua msimu wa wadudu kuliko mtu yeyote. Nilipiga kelele, nikavua kiatu, nikamrushia jogoo nikamkosa. Muthama alivua shati, akasimama juu ya kile kishimo, miguu imepanuliwa, anapunga shati kama mtu anayezima moto. Jogoo akamzunguka upande huu, Muthama akageuka. Kuku akaja upande ule, akageuka. Syombua alicheka mpaka akalishika tumbo, na ndipo nikamsikia Mwaitu naye, nyuma yangu, akicheka bila kutaka. Muthama alisimama pale, bila shati, mikono imevimba, hadi malkia alipozama kabisa na udongo ukafunga juu yake.

"Kwa hivyo anaitwaje?" Mwaitu akaniuliza. Neno lake la kwanza kwangu leo.

Nikatoa ile risiti, nikamsomea.

"Jina kubwa hivyo," akasema, "na maharagwe yangu yamekwenda." Akarudi jikoni.

Nimemwandikia daktari kwamba nimemwachilia. Amejibu kwa maneno machache: Sawa, picha nimezihifadhi. Sijui kama amekasirika. Akikasirika ajiunge na foleni.

Sasa simu inalia. Ni Muthama. Tangu nifike nyumbani ameniandikia mara sita. Wale wadogo wanakula nini huko chini? Akifa yeye, wao wataenda wapi? Daktari ana kitabu? Hajauliza hata mara moja kuhusu kazi aliyoiacha, wala terasi, wala mikono yake. Nimemjibu mara moja tu: Jumatatu asubuhi nitakuja kwako, tutaenda pamoja kwa mwenye duka, utaomba msamaha, nitasimama hapo hapo mlangoni nikuone ukivaa hilo koti.

Amejibu: Sawa Shem. Lakini wanakula nini?

Maji ya karai yamepoa. Sijui wanakula nini. Na kinachoniudhi kuliko yote, kuliko lile gari na ile tende na jogoo, ni kwamba sasa na mimi nataka kujua.